Betri ya Hornsdale na Saa ya Soko

Betri kubwa ya Hornsdale, iliyosimamishwa kando ya mitambo ya upepo karibu na mji wa Jamestown katika jimbo la Australia Kusini, na ikaanza kazi rasmi tarehe 1 Desemba 2017, ilisifiwa duniani kote kwa nguvu yake ya megawati 100 na akiba yake ya megawati-saa 129, na zaidi kwa ahadi ya Elon Musk kwamba ingekamilika ndani ya siku 100 au itolewe bure. Lakini jambo linalostahili kuzingatiwa kuliko hayo yote ni namna umeme wake ulivyouzwa, kwani chombo kile chepesi kiliingia katika soko lililopima wakati kwa kipimo kirefu mno, na hesabu yake yote ya faida ikafungamana na kipimo hicho.

Soko la jumla la mashariki ya Australia huendeshwa na taasisi iitwayo AEMO, ambayo hupokea kwa kila mtambo zabuni iliyogawanywa katika madaraja 10 ya bei, ikazipanga kuanzia ya chini hadi ya juu, na kila baada ya dakika 5 ikawaamuru wanaotosheleza mahitaji watoe umeme, wote wakilipwa bei ya yule wa mwisho aliyehitajiwa. Bei yaweza kushuka hadi dola 1,000 chini ya sifuri, na wakati ule kikomo chake cha juu kilikuwa dola 14,200 kwa megawati-saa. Mwenye mtambo wa gesi hujua bei ya kuomba, maana huanza na gharama ya gesi anayoichoma. Ama mwenye betri hana kitu cha kuchoma, na akiinunua megawati-saa moja kwa dola 40, kisha sehemu kama 15 katika 100 ikapotea njiani, hawezi kuiuza chini ya dola 47 bila kupata hasara, na hapo bado hajahesabu uchakavu wa betri. Hata hivyo dola 47 sizo bei yake ya kweli. Bei yake ya kweli ni ile ambayo umeme huohuo ungeweza kuipata saa mbili baadaye lau ungeachwa ghalani, na mizani hiyo, ambayo mfanyabiashara wa nafaka huipima kwa majira ya mvua, mwenye betri hulazimika kuipima upya kila dakika 5. Tena wakati ule soko lilimsajili mara mbili, kama mzalishaji na kama mtumiaji, wala mtambo wa hesabu uliotoa amri haukutazama akiba iliyosalia ndani ya betri. Ilikuwa juu ya mwenyewe kuhamisha kiasi chake kutoka daraja la bei nafuu hadi daraja la bei ghali ili asije akaamriwa kutoa asichokuwa nacho.

Kwa kuwa jimbo zima lilikuwa limekumbwa na giza tarehe 28 Septemba 2016, serikali iliweka sharti kwamba megawati 70 katika zile 100, pamoja na megawati-saa 10 hivi za akiba, zihifadhiwe kwa usalama wa gridi. Kampuni ya Neoen, yenye mali, ikabakiwa na megawati 30 na megawati-saa 119 za kufanyia biashara. Na hapo ndipo ilipokutana na ile saa ya soko, kwa maana amri zilitolewa kila dakika 5 ilhali malipo yalifanywa kwa wastani wa nusu saa. Tuseme bei imepanda hadi dola 14,000 kwa dakika 5 tu, na katika vipindi vitano vingine vya nusu saa ileile ikawa dola 50: wastani ni dola 2,375. Betri iliyotoa megawati 30 katika zile dakika 5 za dhiki imetoa megawati-saa 2.5, na badala ya dola 35,000 inalipwa kiasi kisichofika dola 6,000, ilhali mtambo mzito uliowasili dhiki imekwisha unapokea kwa kila megawati-saa bei ileile. Naona ilikuwa dhuluma, japokuwa hapana aliyeikusudia. Utaratibu huo ulitungwa zama ambazo mita na mitambo haikuwa na wepesi wa kupimwa kwa dakika.

Aliyeomba ubadilishwe hakuwa mwenye betri, bali kiwanda cha zinki cha Sun Metals huko Queensland, mtumiaji mkubwa wa umeme, aliyepeleka ombi mwaka 2015. Kanuni ikapitishwa Novemba 2017, na malipo ya dakika 5 yakaanza tarehe 1 Oktoba 2021.

Katika miaka ya kungoja, Hornsdale ilipata riziki yake kubwa pengine, yaani katika masoko ya kulinda mapigo ya umeme yasitoke kwenye 50 kwa sekunde. Kila palipokuwa na hatari ya jimbo kukatika na jirani yake Victoria, AEMO ilidai megawati 35 za ulinzi huo kutoka humohumo jimboni, na wenye mitambo ya gesi, kwa uchache wao, waliweza kuomba bei iliyokaribia kikomo. Sharti hilo peke yake lilikadiriwa kuongeza gharama ya karibu dola milioni 40 mwaka 2016, na kiasi kama hicho mwaka 2017. Betri ilipoingia na zabuni zake, nguvu hiyo ya wachache ikavunjika.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba 2017, mtambo mmoja wa makaa ya mawe wa Loy Yang huko Victoria ulipozimika ghafla na megawati 560 zikatoweka, betri hii, iliyo mbali mno na hapo, ilihisi mapigo yakipungua na ikasukuma papo hapo umeme uliofikia kadiri ya megawati 7. Kiasi kilikuwa kidogo, na mitambo mingine ndiyo iliyobeba mzigo. Ila bidhaa ya haraka kuliko zote sokoni ilikuwa ya sekunde 6, hivyo wepesi wote uliozidi hapo haukuwa na bei. Kisha betri nyingine zikafuata, bei za ulinzi wa mapigo zikashuka kwa wingi wa wauzaji, na wenye betri wakageukia zaidi kununua mchana, jua linapozidi mahitaji na bei kuanguka chini ya sifuri, ili wauze jioni. Soko la ulinzi wa sekunde 1 lilifunguliwa Oktoba 2023.