Jicho Lisilo na Haraka: Mpigapicha wa Harusi za Munuki

Picha nzuri ya harusi haiji kwa bahati. Humjia mtu aliyekwisha kusimama mahali pake kabla jambo halijatokea. Nimelisadiki hilo kwa kumtazama kijana mmoja wa Munuki, upande wa magharibi wa jiji la Juba, akifanya kazi yake Jumamosi baada ya Jumamosi. Ana kamera mbili begani, suruali iliyochakaa magotini, na desturi moja inayomtofautisha na wenzake: hamwambii mtu asimame hapa wala atabasamu. Picha za kupangwa mstari anazipiga, kwa sababu familia inazitaka na ina haki ya kuzitaka, lakini huzimaliza upesi. Moyo wake uko kwenye zile nyingine, ambazo mwenye sura hajui kama amepigwa.

Kazi hiyo huanza kamera zikiwa bado mkobani. Asubuhi hufika nyumbani kwa bibi harusi kabla ya mpambaji, huwasalimu wazee mmoja mmoja, huketi, hunywa chai. Asiyeijua Juba atadhani anapoteza muda. Lakini huu ni mji uliopigwa na vita Desemba 2013 na tena Julai 2016, na watu wake wana sababu ya kuogopa lenzi wasiyojua imetumwa na nani. Kwa hiyo salamu ndiyo kifaa chake cha kwanza. Humuuliza mjomba anayesimamia shughuli ni nani asiyependa kupigwa picha, na wageni wenye sare pamoja na walinzi wao huwaacha kabisa. Kisha huanza na vitu visivyomkera mtu: viatu vilivyorundikana mlangoni, gauni lililotundikwa dirishani, vikombe vya chai juu ya sinia. Watoto humzunguka, hupozi, huchoka, huenda zao. Baadaye hakuna tena anayegeuka akimwona. Hapo ndipo anapoanza kazi hasa.

Inayomwongoza tangu hapo ni elimu ya mila. Munuki ni mchanganyiko: Wabari wenye ardhi yao, Wakakwa, Wapojulu, Wakuku, Wadinka, Wanuer, Wazande, Wamoru, na majirani waliotoka Kenya, Uganda na Kongo. Kila harusi ina utaratibu wake, na asiyeujua atakuwa amesimama nyuma ya mgongo wa mtu wakati jambo kubwa linapita. Chukua siku ya mahari kwa Wadinka. Ng'ombe wenyewe wako mbali, huko malishoni, lakini hesabu yao husemwa hapa mjini chini ya turubai, pande mbili zikitazamana. Kila ng'ombe anayetajwa ana anayemsubiri: baba, ndugu wa baba, mjomba. Wapigapicha wengi humwelekea msemaji. Kijana wetu hukaa pembeni ya msemaji, akiwatazama wanaosikiliza, kwa sababu idadi ikitajwa ni nyuso zao zitakazobadilika. Kama kipa anayeusoma mguu wa mpigaji na si mpira, yeye husoma mabega, shingo na mikono. Mzee akianza kuibana fimbo yake kwapani, kijana amekwisha kuinua kamera.

Kanisani mtihani ni mwingine. Katika parokia ya Mtakatifu Kizito, hapo hapo Munuki, au kanisa jingine lolote, mbele ya lenzi kuna gauni jeupe, suti nyeusi, na nyuso za watu ambao weusi wa wengi wao ni wa kina na wenye kung'aa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba kila kitu kikichanganywa kitakuwa na rangi ya kijivu cha wastani. Gauni likijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na uso wa bibi harusi huzama gizani. Suti zikijaa, kamera huongeza mwanga na urembo wote wa gauni hupotea. Yeye haiachii mashine iamue. Hupima mwanga shavuni mwa bibi harusi, huuweka kwa mkono, na husogea mpaka dirisha liwe ubavuni mwa maharusi, maana mwanga wa ubavu ndio unaoonyesha umbo la uso mweusi: mfupa wa shavu, jasho la juu ya mdomo, chozi kabla halijaanguka. Flashi ya usoni huyafuta yote hayo.

Ufundi huo una uzito wake katika historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Watu wetu walitoka kwenye picha wakiwa vivuli vyenye meno. Kila ninapoona picha ya kijana huyu ambamo bibi mzee wa Kidinka ameketi kwenye benchi la kanisa na kila mkunjo wa uso wake unasomeka, naona deni la zamani likilipwa.

Nje ya kanisa anapambana na jua. Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, na tangu Februari 2021, Sudan Kusini iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja, jua huwa utosini karibu na saa sita kamili na huzama karibu na saa kumi na mbili. Mpigapicha anayetoka Kampala au Nairobi, aliyezoea mwanga mzuri wa saa kumi na mbili jioni, hufika amechelewa. Mchana wa utosini hutia vivuli vyeusi machoni, na chini ya turubai la bluu watu wote hugeuka bluu. Kijana wetu hukimbilia uani, kwenye kivuli cha mwembe, ambako wanawake wanamimina uji wa mtama uliochachuka juu ya bamba la moto kuwa kisra, mkate mwembamba kama kitambaa. Moshi huko huuchuja mwanga na kuulainisha. Picha bora za harusi nyingi alizopiga zilitoka jikoni, si ukumbini.

Usiku taa za jenereta huleta shida yake. Taa nyingi zinazotumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Kamera ikiwekwa kwenye hali ya ukimya, ile isiyotoa mlio inayomsaidia kanisani, picha hutoka na mistari ya giza. Basi usiku huuacha ukimya, huirudisha shata ya kawaida, huishusha kasi hadi 1/100 ya sekunde, na muziki hufunika mlio. Hadi densi inapokolea amekwisha kupiga magoti, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kutoka chini huko huona anachokikosa mwenye kusimama: vumbi likipanda kwenye miguu ya wachezaji, mtoto aliyelala mapajani mwa shangazi anayepiga vigelegele.

Njia hii ina mabingwa wake. Malick Sidibé wa Bamako alikuwa akizunguka kwenye dansi za vijana usiku wa Jumamosi, akirudi studio kusafisha filamu hadi alfajiri, kisha akibandika picha nje ili wenyewe waje kujitafuta. Picha yake ya mwaka 1963 ya kaka na dada wakicheza usiku wa Krismasi ingali inacheza machoni, na mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu mjini Venice, mpigapicha wa kwanza kupata heshima hiyo. Nchini Marekani, Septemba 1996, Denis Reggie alipiga harusi ya John F. Kennedy Mdogo na Carolyn Bessette katika kisiwa cha Cumberland. Picha iliyozunguka dunia haikuwa ya kupangwa. Ni bwana harusi akibusu mkono wa mkewe wakitoka kwenye kanisa dogo la mbao la Wabaptisti Weusi, mwanga ukiwa umekaribia kwisha. Mabingwa hawa wawili hawakufanana kwa lolote isipokuwa jambo moja: waliwaamini watu kuwa wazuri bila kuelekezwa.

Imani hiyo ina adabu yake. Kijana wa Munuki hampigi mtu akitafuna. Mama akilia kwa uchungu wa kumpoteza mwana ambaye angekuwepo siku hiyo, yeye huishusha kamera, au hupiga mkono tu ulioshikwa na jirani. Nyumbani hunakili kazi yote mahali pawili kabla ya kulala, kisha huchagua kwa ukali, akitupa picha kali zinazomdhalilisha mtu na kubakiza tulivu zinazomheshimu. Namsifu kwa zile alizozitupa kama ninavyomsifu kwa zile alizozitoa.

Familia nyingi za Juba zilikimbilia Kakuma nchini Kenya au Uganda bila albamu zao. Wapo watu wazima wasio na picha hata moja ya babu yao. Kwa watu hao, picha ya mzee akicheka pembeni ya harusi ya mjukuu, bila kujua anatazamwa, ni urithi halisi, na anayeipiga anafanya kazi ya mtunza kumbukumbu wa ukoo.

Basi nawaomba mnaopanga harusi. Mkimpata mpigapicha wa namna hii, mwajirini mapema na mpeni siku nzima. Mwiteni siku ya mahari, si kanisani tu. Mketisheni na mlisheni kama mgeni. Msimwamuru apige kila meza. Mkishapata picha, msiziache kwenye simu: zichapisheni, andikeni majina na tarehe nyuma ya kila moja, na nakala moja mpelekeeni ndugu anayeishi mbali.