Neno Linasifu Nini?

Kwa kawaida Novemba ndio mwezi wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Uganda. Katika karatasi ya Kiingereza, baraza la mitihani, UNEB, huweka maswali ambayo mtoto hupewa neno kwenye mabano na kutakiwa aliandike kwa umbo linalofaa. Mvulana alikimbia, kisha pengo, kisha "quick". Mtoto anaongeza herufi mbili, anapata alama yake, anasonga mbele. Aliyemfikisha hapo ni mwalimu, na ufundi wake haujapata kusifiwa vya kutosha.

Mtaala ulioanza 2007 unataka watoto wafundishwe kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu: Kisoga upande wa Jinja, Kigisu upande wa Mbale. Shule nyingi za mjini hazingoji, lakini vijijini Kiingereza hushika usukani darasa la nne. Katika miaka minne inayobaki, mwalimu hana budi kumfundisha mtoto kutenga kivumishi na kielezi katika lugha ambayo haipendi kuvitenga waziwazi.

Mwalimu mvivu hukaririsha: kivumishi kikitiwa "-ly" kinakuwa kielezi. Kanuni hiyo ni gari bovu linalotoka Jinja kwenda Mbale. Iganga linafika, Tirinyi linazima. "Friendly" na "lonely" yana mkia huohuo, nayo ni vivumishi. "Fast" halitaki mkia wowote. Bodaboda iliyosimama "near" daraja imesimama karibu nalo. Iliyo "nearly" kusimama bado inakwenda. Na kuna "hard" na "hardly", ambayo yameshazua kesi nyumbani. Mzazi aliyeuza mahindi alipe karo anaifungua ripoti ya muhula: binti yake akiwa "works hard", kuku atachinjwa, akiwa "hardly works", binti ana maelezo ya kutoa.

Mwalimu fundi huanza na swali badala ya mkia: neno hili linasifu nini, mtu au tendo? Hapo anamkuta mtoto ameshajua. Kiswahili husema mwimbaji mzuri, anaimba vizuri. Kiganda, ambacho hakikosekani sokoni Jinja, husema omuyimbi omulungi, ayimba bulungi. Kiambishi kinabadilika pindi sifa inapotoka kwa mtu kwenda kwenye tendo, na mtoto amekuwa akikibadilisha tangu kabla hajavaa sare. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba "good" na "well" yamegawana kazi hiyohiyo.

Kisha lugha ya nyumbani inamponza. Mbale ni mji wa kahawa. Arabika ya Mlima Elgon ndiyo iliyokiweka mjini humo Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa 1954. Sisi husema kahawa inanukia vizuri, kwa kielezi. Mtoto akiipeleka sentensi hiyo Kiingereza kama ilivyo, ataandika "smells well", na kahawa itakuwa imepata pua hodari ya kunusa. Kiingereza kinataka "smells good". Vivyo hivyo sangara aliyelala juani Jinja: "smells bad" ni samaki aliyeoza, "smells badly" ni samaki mwenye mafua.

Dawa ya kosa hili ni nzuri. Chukua kahawa iliyo "tastes good". Ondoa kitenzi, weka "ni". Kahawa ni nzuri: maana imesimama, basi andika kivumishi. Sasa chukua mwonjaji anayeionja kahawa hiyo kwa makini. Weka "ni" uone: mwonjaji ni kahawa. Darasa linacheka, sentensi imevunjika, basi andika kielezi, "carefully". Kitenzi ni kilekile "taste" mara zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba kahawa inaelezwa ilivyo, na mwonjaji anatenda. Mtoto aliyecheka hapo hahitaji tena kukariri orodha ya vitenzi vya pua, ulimi, macho na masikio.

Ufundi huu hauishii kwenye karatasi ya UNEB. Mganda akimpita mtu anayelima humwambia "well done" hata kama jembe bado liko hewani, akifuata "gyebale" ya Kiganda. Mgeni hushangaa, maana kwao maneno hayo hungoja kazi iishe. Lakini salamu hiyo imelenga sawasawa: inasifu tendo, na haijali kama mlimaji ni tajiri, maskini au jirani mwenye maneno mengi. Mwalimu anayesahihisha madaftari usiku ana uchaguzi huohuo. Anaweza kuandika kwamba mtoto ni mbaya, au kwamba ameandika vibaya. La kwanza mtoto huenda nalo popote aendapo. La pili anaweza kulirekebisha kesho asubuhi. Anayezijua vizuri aina hizi mbili za maneno hawezi kusingizia kwamba hakuona tofauti.