Dirisha Kwenye Plasta

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye uti wake wa mgongo umepinda kando anaweza kuingizwa chumba cha upasuaji na asipasuliwe. Anapewa dawa ya usingizi, anapitishiwa mpira wa hewa kooni, analazwa chali kwenye fremu ya chuma, kichwa kinavutwa huku na nyonga kule. Fundi anamzungushia bandeji za plasta zilizolowa. Daktari, kwa kiganja, anazirudisha mbele pole pole mbavu zilizotokeza mgongoni. Hazikandamizi kwa ubavuni, maana angekibana kifua, na kifua ndicho anachokihangaikia.

Aliyeikuza njia hii ni Min Mehta, daktari wa mifupa wa Stanmore, London, akiendeleza kazi ya Wafaransa Cotrel na Morel. Mwaka 2005 alichapisha habari za watoto 136. Kati yao, 94 walioletwa mapema, kwa wastani wakiwa na mwaka mmoja na miezi saba, migongo yao ilinyooka. Dawa kubwa ilikuwa kukua kwao wenyewe.

Ufundi ninaouheshimu kuliko wote, hata hivyo, ni wa kulinda pumzi. Plasta ikianza kushika, mashine ya kupumulia hulazimika kusukuma hewa kwa nguvu zaidi. Kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mguu kinaweza kuonyesha 99 vilevile, kwa kuwa mashine ndiyo inayobeba mzigo. Mtaalamu wa usingizi aliyebobea haridhiki na namba hiyo. Macho yake yako kwenye shinikizo la hewa, na likipanda anamwambia fundi akate.

Hapo unashikwa msumeno mdogo unaotetema bila kuzunguka. Linakatwa dirisha pana mbele, toka chini ya kidari hadi tumboni, na jingine mgongoni, upande uliobonyea, ili kila pumzi izisukume nje mbavu zilizodidimia. Kipande cha mbele kikitoka, tumbo hupanda na shinikizo hushuka. Lisiposhuka vya kutosha, dirisha linaongezwa. Uzuri wa plasta hii uko kwenye kile kilichoondolewa, na fundi mwenye haraka hawezi kuujua.

Mama naye hufundishwa: amlishe kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo likishiba sana huyasukuma mapafu juu, na aangalie rangi ya midomo. Baada ya miezi miwili hivi plasta yote hukatwa, mtoto akaogeshwa, na kipimo cha plasta mpya kikachukuliwa, kwani kifua kimeshaongezeka.