Mpaka au Kikomo?

Baadhi ya wafasiri wa vitabu vya hisabati huziita 'vikomo' zile namba mbili ziandikwazo juu na chini ya alama ya intigrali. Twaona kwamba uteuzi huu una kasoro.

'Kikomo' latokana na kitenzi 'koma'. Lafaa kwa thamani inayokaribiwa na mfuatano wa namba. Lakini intigrali ina pa kuanzia na pa kuishia. Kupaita pa kuanzia 'kikomo cha chini' ni kuuita mwanzo mwisho. Shamba lina mipaka pande zote, popote mkulima aanzapo kulima. Kwa hiyo twapendekeza 'mpaka'.

Hata hivyo, 'juu' na 'chini' yahitaji tahadhari. Maneno hayo hutaja mahali pa kuandika, kama alivyoandika Joseph Fourier katika kitabu chake cha nadharia ya joto cha 1822, hayataji ukubwa. Tuchukue intigrali ya x² kutoka 1 hadi 3. Tunapata x³/3, ambayo kwenye mpaka wa juu ni 9 na kwenye mpaka wa chini ni 1/3. Tofauti ni 26/3. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mpaka wa juu ndio namba kubwa, akipewa kutoka 3 hadi 1, atazigeuza namba na kujibu 26/3, ilhali jibu ni -26/3. Hapo kilichompotosha ni istilahi, wala si hesabu.

Twawasihi wafasiri na walimu waseme 'mpaka wa kuanzia' na 'mpaka wa kuishia'.