Lahani ya Devi, Maneno ya Rangan

Rangan ana shahada ya falsafa na hana kazi. Yuko Delhi, mbali na kwao Tamil Nadu, katika chumba anachoishi na vijana wenzake ambao nao hawana kitu, na kuna siku chungu hakitelekwi. Hajipendekezi kwa mtu, na mashairi ya Subramania Bharati hayamtoki ulimini. Ndiye kijana aliyeigizwa na Kamal Haasan katika Varumayin Niram Sivappu, filamu ya Kitamil ambayo K. Balachander aliitoa mwaka 1980. Wengi huikumbuka kwa hasira yake. Mimi nataka kukaa na wimbo wake mmoja tu, maana humo tunamwona kijana ambaye hakuna ofisi iliyomtaka akifanya kazi yenye ufundi usio na dosari.

Wimbo wenyewe ni Sippi Irukkuthu. Devi, mwigizaji wa jukwaani anayeigizwa na Sridevi, anampa Rangan mtihani: yeye atatoa lahani tupu, na Rangan aitie maneno papo hapo. Devi anaanza na kipande chepesi cha ta-na-na. Rangan anakisikiliza hadi mwisho, kisha anakirudisha kwa urefu uleule na mapigo yaleyale, ila sasa kina kombe na lulu ndani yake. Devi anatoa kingine, nacho kinajazwa. Vipande vinafupishwa mpaka vinabaki vya silabi chache, halafu vinarefushwa, vinakimbizwa, vinapindwa kona. Kimoja kinakuwa kigumu, na Rangan anamwomba Devi akirudie. Napapenda hapo kuliko pengine pote. Hakisii, wala hatii neno la kuzibia pengo. Anataka apime tena kwanza, ndipo akate.

Msomaji aliyezoea mashairi ya Kiswahili atakimbilia kuhesabu mizani, lakini ugumu wa kazi hii hauko kwenye hesabu peke yake. Kwetu nane kwa nane zikitimia, mizani imesimama. Kitamil hutenganisha vokali fupi na ndefu, na ndefu hupimwa mara mbili ya fupi. Kwa hiyo lahani inapovuta sauti, neno nalo liwe na vokali ndefu palepale. Inaporukaruka, silabi ziwe fupi. Mtunzi akikosea, mwimbaji atalazimika kuvuta neno lisilovutika, na sikio la Mtamil litagutuka. Na hayo yote yakishatimia, maneno bado yawe na maana, tena maana inayosonga mbele kutoka kipande hadi kipande, mpaka Rangan, kwa vipimo alivyokatiwa na Devi mwenyewe, anamweleza yaliyomo moyoni. Wapenzi wa taarab ya Mombasa wanaijua kazi ya namna hii. Juma Bhalo aliimba maneno ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi, na yakaketi humo kama yaliyozaliwa nazo.

Nyuma ya Devi na Rangan wako M. S. Viswanathan, aliyetunga lahani, na Kannadasan, aliyeandika maneno. Kusema aliandika si sawasawa, maana Kannadasan alizoea kuyatamka mashairi yake huku msaidizi akiandika. Shule aliishia darasa la nane. Wawili hawa walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, mmoja kwenye harimoniamu akitoa sauti tupu, mwenzake akisikiliza na kuijaza. Balachander, ambaye kabla ya filamu alikuwa karani wa serikali mjini Madras na mwandishi wa tamthilia, alichukua utaratibu huo wa chumba cha utunzi akauweka mbele ya kamera, mikononi mwa vijana wawili wasio na pesa. Kannadasan alifariki Oktoba 1981, chini ya mwaka mmoja baada ya filamu kutoka.

Kisha kazi ikaenda kwa waimbaji. S. Janaki alipewa silabi zisizo na maana yoyote, naye kwa sauti peke yake akazifanya ziwe uchokozi, jaribio, na baadaye furaha ya mtu aliyeshindwa na kuridhika. S. P. Balasubrahmanyam alikuwa na maneno yote tayari. Ilimpasa ayaimbe kana kwamba yanamjia sasa hivi, na anafanikiwa kwa jambo dogo sana: anaingia kwenye kipande bila pupa, kisha anatua kwenye neno la mwisho kwa uzito wa mtu aliyeliona likikaa sawa.

Waigizaji ndio waliobaki na mzigo ambao watazamaji wengi hawauoni. Wimbo ulikwisha rekodiwa, na wao walifungua midomo tu juu ya sauti za wengine. Lakini kufikiri hakuwezi kurekodiwa studio. Kamal anafikiri kwa uso, kabla sauti haijafika, na Sridevi, binti wa miaka kama 17 wakati huo, anamtazama kama mwalimu anayetaka mwanafunzi afaulu na bado anamtegea.

Lakini wimbo haumpi kazi: baadaye katika filamu Rangan anapata riziki kwa kuwa kinyozi, na baba yake, mtu wa muziki, inabidi aione kazi hiyo kwa macho yake.

Balachander aliitengeneza filamu hiyo kwa Kitelugu pia, Aakali Rajyam, ikatoka 1981 na waigizaji wakuu walewale wawili. Lahani ya Viswanathan ilibaki vilevile, waimbaji pia. Maneno ya Kitamil hayakufaa kitu tena. Mshairi Aatreya alisikiliza vipande vilevile, vifupi na virefu, akavijaza upya kimoja kimoja kwa lugha nyingine, na pale Kannadasan alipoweka kombe, yeye akaanza na macho ya msichana.