Juzuu, Kufuli na Ua: Uhakiki wa Istilahi za Hifadhi ya Pamoja

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa kazi hiyo karani akapata kuandika barua katika programu inayomwongoza kwa Kiswahili. Haja ya fundi wa seva ni ya namna nyingine. Karani akikutana na neno baya hukawia kidogo. Fundi akikutana nalo huweza kuharibu kumbukumbu za ofisi nzima. Kwa hiyo yafaa istilahi za hifadhi ya pamoja, yaani diski zinazotumiwa na seva kadha za Linux kwa wakati mmoja, zipimwe kwa kazi zinazotaja wala si kwa sura zake tu.

Neno la kwanza ni lile ambalo Waingereza hulitumia kwa kitabu, kwa nafasi ya chombo na kwa ukubwa wa sauti. Mfasiri mwenye haraka ataandika ujazo. Lakini ujazo ni kipimo, na kinachotajwa hapa ni kitu. Programu ya LVM, ambayo Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux mwaka 1998, hukusanya diski katika kundi, hulikata kundi hilo vipande, kwa desturi vya mebibaiti 4 kila kimoja, kisha huviunga kuwa sehemu zenye majina. Juzuu lafaa zaidi, maana asili yake ya Kiarabu ni sehemu ya kitu kizima.

Kufuli halina ugomvi katika tafsiri. Ugomvi umo katika ujumbe. Hapana budi seva moja ishike kufuli kabla ya kubadili orodha ya juzuu, na nyingine zingoje. Kazi hiyo ilisimamiwa na clvmd mpaka toleo la LVM 2.03 la mwaka 2018 lilipoiondoa. Sasa husimamiwa na lvmlockd. Katika matoleo ya zamani, seva isiyoweza kulifikia kufuli ilisema kwamba inaliruka kundi la juzuu lililo la pamoja. Ujumbe huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Wataja kitendo na kuficha sababu: hausemi kwamba msimamizi wa kufuli hafanyi kazi, au kwamba faili ya lvm.conf haikuwekwa sawa. Fundi ausomaye hudhani kosa limo katika alama ya pamoja, akaifuta kwa nguvu kwa amri ya vgchange. Juzuu huonekana mara moja, naye hufurahi. Kumbe ameondoa ulinzi wenyewe. Seva mbili zaweza sasa kuandika orodha moja, kila moja bila habari ya mwenzake.

Neno lenye hatari zaidi ni la ua. Seva ikinyamaza, wenzake hawawezi kujua kama imekufa au mtandao tu umekatika. Zilizobaki, zikiwa na akidi, kwa mfano 3 kati ya 5, huikatia umeme au huizuia isizifikie diski. Kiingereza hukiita kitendo hicho kuzungusha ua. Likifasiriwa hivyo, msomaji wa Kiswahili ataona boma la kumlinda aliye ndani, na hali huyo wa ndani ndiye anayeogopwa. Programu ya Pacemaker hutumia kifupisho cha STONITH, chenye maana ya kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Chatisha, ila hakidanganyi. Kiswahili kinalo neno tayari: kutenga, kama alivyotengwa mgonjwa wa ndui. Mpaka kutengwa kuthibitishwe, makufuli husimama na amri za juzuu huganda. Fundi asiyeelewa sababu huandika amri ya pcs stonith confirm bila kwenda kutazama. Amri hiyo ni ushahidi kwamba seva imezimwa kweli. Ikiwa ingali hai, ushahidi huo ni wa uwongo, na juzuu moja huandikwa na mikono miwili hata iharibike.

Basi juzuu, kufuli, akidi na kutenga yatosha kwa msingi, nayo yote ni maneno ya kawaida. Lakini istilahi nzuri haitafaa kitu ikiwa ujumbe utabaki nusu. Ujumbe wa Kiswahili hauna sababu ya kurithi kasoro ya asili yake, useme hivi: "Kundi la juzuu limerukwa kwa sababu kufuli la pamoja halipatikani. Mtazame kwanza msimamizi wa kufuli."