Mkono wa Nahodha: Kuchagua Boti ya Nyangumi Juneau

Meli ya kitalii ikishafunga gati Juneau, makao makuu ya Alaska, abiria hushuka na kukuta mawakala wamejipanga, kila mmoja na picha ya nyangumi aliyeruka mzima mzima juu ya maji. Picha hiyo haikuambii lolote kuhusu boti. Hata ahadi ya kurudishiwa fedha usipomwona nyangumi haina uzito mkubwa. Kuanzia Mei hadi Septemba nyangumi wenye nundu wamo katika maji hayo, wakila samaki aina ya heringi na kamba wadogo ili warudishe mafuta waliyoyapoteza majira ya baridi huko Hawaii, ambako huzaa na karibu hawali kitu. Karibu kila boti itakuonyesha nyangumi. Boti njema utaijua kwa jinsi inavyomwendea, inavyokaa naye na inavyoagana naye, na hayo yote yako mikononi mwa nahodha.

Tangu 2001 sheria ya Marekani inakataza chombo kumkaribia nyangumi mwenye nundu wa Alaska chini ya yadi 100, yaani kama mita 91. Inakataza pia kumtangulia na kumsubiri njiani ili aibukie ubavuni mwa boti. Hila hii ya pili ndiyo ya kuchunga, kwa sababu abiria wasiojua huishangilia. Nyangumi anaibuka karibu, simu zinainuliwa, kila mtu anadhani nahodha ni hodari. Kumbe amemkatia njia mnyama anayetafuta chakula cha mwaka mzima.

Nahodha hodari huanza kupunguza mwendo angali mbali, kidogo kidogo, hata abiria hawatambui. Humjia nyangumi kwa ubavuni, wakielekea upande mmoja. Hamwendei usoni wala hamfukuzi kwa nyuma. Akifika umbali unaofaa huiacha injini inanguruma bila gia na kusubiri. Nyangumi akiamua kusogea mwenyewe, boti haichezi mpaka apite. Mimi humpima nahodha kwa hapo pa kusubiri kuliko popote, maana abiria wamelipa fedha nyingi, wana hamu, na ni rahisi kuwaridhisha kwa kusukuma mbele kidogo tu.

Subira hiyo ina elimu yake. Nyangumi anayekula hupumua mara kadhaa juu juu, kisha hukunja mgongo na kuinua mkia wima. Mkia ukiinuka hivyo, amezama kina kirefu, na huenda zikapita dakika tano, kumi, kabla hajaonekana tena. Mwongozaji anayeijua kazi atakuhesabia pumzi na kukwambia mapema uelekeze kamera wapi. Atakuonyesha pia madoa meupe na meusi chini ya mkia, ambayo hayafanani kati ya nyangumi wawili, na watafiti huwatambua kwayo mwaka hadi mwaka. Mwongozaji ambaye hajui zaidi ya kupiga kelele "kule, kule!" amekunyima nusu ya safari. Boti nyingine huteremsha kipaza sauti chini ya maji ili usikie milio. Hiyo ni nyongeza nzuri, lakini isikupumbaze.

Kuhusu ukubwa wa boti, watu hubishana sana. Boti ya abiria sita inakuweka karibu na usawa wa maji, na unaweza kuzungumza na nahodha mwenyewe. Bei yake ni kubwa. Katamarani la abiria mia na zaidi lina choo kizuri, sitaha ya juu na utulivu, na mzee au mtoto atakaa humo kwa raha, ila kila nyangumi akitokea upande wa pili ubavu wote hujaa watu. Mimi huchagua ya kati, yenye abiria ishirini hadi arobaini, mradi iwe na nafasi ya wazi ya kuzunguka kutoka omo hadi tezi. Madirisha hufunikwa na mvuke, na mvua Juneau haikosi, kwa hiyo boti yenye viti vya ndani peke yake iache.

Uliza utakaa majini muda gani. Boti nyingi huondokea Auke Bay, takriban kilomita 20 kutoka gatini, na basi huchukua karibu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Safari inayotangazwa kuwa ya saa tatu na nusu inaweza kukupa saa mbili za bahari. Ukiongezewa ziara ya mto wa barafu wa Mendenhall katika tiketi hiyo hiyo, ujue muda wa nyangumi ndio hukatwa mara nyingi.

Uliza pia kama kampuni imo katika mpango wa hiari wa Whale SENSE, ulioanza Alaska 2015, ambao wanachama wake hufunzwa kila mwaka na kukubali masharti zaidi ya yale ya sheria. Kisha uliza swali hili: wakikuta boti nyingine nyingi zimeshamzunguka nyangumi mmoja, hufanyaje? Aliyewahi kuona pomboo wa Kizimkazi, Zanzibar, wakizingirwa na boti anajua kwa nini nauliza. Jibu ninalolitaka ni kwamba watakwenda kumtafuta mwingine, hata kama itachukua dakika ishirini za maji matupu.

Mwisho ni saa. Safari iliyonunuliwa kupitia meli ikichelewa, kwa kawaida meli husubiri. Uliyonunua mwenyewe haisubiriwi. Ngazi hupandishwa kabla ya muda wa kung'oa nanga, na saa ya meli inaweza kutofautiana na ya Juneau, kwa hiyo mwambie wakala saa ya mwisho ya kupanda iliyoandikwa na meli yako, na umwache akutajie safari itakayokurudisha gatini saa nzima kabla yake.